Kumpeleka papa Nairobi kuona wachezaji wa gofu wa kulipwa: siku ya mazoezi au siku ya mashindano?

BintiWaKedi (Lubumbashi, Katuba)
Januari 2025

Jambo kwenu wote. Swali langu ni la gofu, na mimi mwenyewe sijawahi kushika fimbo yake hata siku moja.

Papa alibeba mifuko ya wachezaji hapa Lubumbashi kwa miaka 31. Watu wengi wa mji huu wanajua Golf kama jina la mtaa tu, unamwambia dereva "niache Golf Météo" na basi. Kwetu nyumbani neno hilo lilikuwa bukari na sombe, lilikuwa pesa ya masomo yangu na ya wadogo zangu watano. Papa aliondoka alfajiri kwa miguu, akarudi na harufu ya majani yaliyokatwa. Mpaka leo anahesabu hatua kila anapokwenda. Kutoka mlango wetu hadi kwa mama anayeuza mkate ni hatua 212, na ukimwambia ni kama mia mbili anakusahihisha.

Wachezaji wa kulipwa wa dunia hajawahi kuwaona kwa macho. Mwaka 2006 alisikia kwamba kijana wa Zambia, Madalitso Muthiya, amecheza US Open, mashindano makubwa ya Marekani, kule Winged Foot, Mzambia wa kwanza kufika pale. Alizungumza habari hiyo wiki nzima, kana kwamba ni mtoto wa dada yake. Alikuwa anasema, Kasumbalesa mpakani si ni pale tu, huyo ni wetu.

Sasa jicho lake la kulia lina mtoto wa jicho na la kushoto nalo limeanza. Mdogo wangu anayefanya kazi nje amelipia matibabu Nairobi. Tutapimwa Jumatatu tarehe 17 Februari, na upasuaji ni Ijumaa tarehe 21. Nilipoangalia kalenda nikakuta wiki hiyo hiyo kuna Kenya Open, mashindano ya wachezaji wa kulipwa. Sijamwambia bado.

Kwa miguu yake (ana miaka 69) na kwa pesa yangu, tunaweza kwenda siku moja tu. Nimeona kwamba mashindano yenyewe yanaanza Alhamisi, na siku za kabla wachezaji wanafanya mazoezi na watazamaji wanaingia. Je, siku ya mazoezi ina cha kuona kweli? Au nitampeleka kuangalia watu wanajinyoosha, halafu mchezo wenyewe unapita sisi tukiwa tumelala kwenye nyumba ya wageni? Na mtu ambaye macho yake hayafuati tena mpira angani, atapata nini?

Aliyewahi kwenda anisaidie, tafazali.

---

Vipuri_Kampemba

Dada, jambo. Jumanne. Nitaeleza sababu, na samahani nikirefuka, jambo hili liko karibu na moyo wangu.

Nilikuwa Muthaiga, klabu ya Nairobi ilikochezwa Kenya Open, mwezi wa pili mwaka 2024, wiki ile aliposhinda Darius van Driel wa Uholanzi. Nilikuwa nimekwenda Nairobi kununua vipuri, mzigo ukachelewa, nikabaki na siku za bure. Nikaingia Jumanne, nikarudi tena Jumamosi. Jumamosi niliona wachezaji. Jumanne niliona makedi, watu wa kazi ya papa yako. Ndiyo maana nilipofika kwenye mstari wako ule wa miaka 31 sikusoma hata zaidi, nikaanza kuandika jibu.

Siku ya mashindano mchezaji ana mpira mmoja. Anafika, yeye na kedi wake wanainama juu ya kidaftari, wananong'onezana, wasaidizi wa uwanja wanainua mikono juu, watu wote kimya. Anapiga, anaondoka. Wewe uko nyuma ya kamba na mbele yako kuna migongo ya watu mistari mitatu. Wale wawili walichoambiana hutakisikia.

Jumanne hakuna anayehesabu mipigo. Wanatoka wawili, watatu, mwingine peke yake. Mwingine anaanzia shimo la kumi kwa sababu la kwanza lina foleni. Mtu anafika kwenye grini, pale penye majani mafupi na shimo, mpira wake ulishatulia vizuri, lakini hauangalii. Anatupa mingine mitano, sita chini. Kedi anatembea juu ya grini, anachomeka kijiti hapa, anachomeka kingine kule pembeni. Vile vijiti ni mahali wanapodhani shimo litachimbwa Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, maana shimo huhamishwa kila siku. Basi mchezaji anasukuma mipira kuelekea mahali pasipo na shimo! Mtu asiyejua atasema huyu amechanganyikiwa. Papa yako atajua kabla hujamuuliza.

Halafu kuna majani. Yale majani ya Kikuyu, ambayo yamepelekwa mpaka kwenye viwanja vya Marekani, asili yake ni huko huko nyanda za juu za Kenya, na jina lake limetoka huko. Ni majani manene, yanatambaa. Pale yalipokatwa mafupi yanainua mpira vizuri kama mkono unaokukabidhi kitu. Yakiwa marefu yanakamata shingo ya fimbo na kuizungusha. Wazungu wengi hawakukulia juu yake. Nilisimama pembeni ya grini moja zaidi ya nusu saa nikamwangalia kijana mmoja akipiga mpira kutoka kwenye majani yale mara ishirini na zaidi. Mara tano za kwanza mpira ulitoka umbali wa kunyosha mkono. Kedi wake hakusema neno, alikuwa anachukua mipira na kumrudishia, anachukua na kumrudishia. Kisha akamwonyesha kwa kidole gumba: shika uso wa fimbo wazi zaidi. Mpira wa sita ukatoka laini, ukaanguka, ukatembea. Jumamosi usingeona hilo hata ukilipa mara kumi.

Jambo lingine ni hewa. Nairobi iko juu, karibu mita 1700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira unaruka mbali kuliko kule wachezaji wengi wanakotoka. Wengi wanahesabu kwamba mpigo wa mita 150 wa pwani unapata mita 10 hadi 15 za juu pale. Kwa hiyo Jumanne kila kedi anatafuta hesabu mpya. Wanapiga, wanapima kwa kile kifaa cha leza, wanaandika. Kwenye shimo moja fupi nilikuwa karibu na makedi wawili wa wachezaji tofauti, mmoja anamuuliza mwenzake amepata ngapi, mwenzake anafungua daftari na kumwonyesha. Nilishangaa sana. Keshokutwa yake hao ni wapinzani.

Kuhusu macho. Asubuhi msiende mashimoni kwanza. Nendeni kwenye sehemu ya kupigia mipira ya mazoezi. Pale mnakuwa karibu sana, wachezaji kumi na tano wamejipanga kwenye mstari mmoja, kila mmoja na rundo lake la mipira. Wanaanza na fimbo fupi, taratibu, wanapanda mpaka draiva, ile ndefu ya kupigia mbali kabisa. Mpira wenyewe hata mimi mwenye macho mazima sikuuona unaangukia wapi. Lakini sauti! Mpira uliopigwa katikati ya uso wa fimbo una sauti moja, uliopigwa pembeni una nyingine, na baada ya robo saa nilianza kutofautisha, mimi ambaye nimecheza kwa matawi ya mwembe tu utotoni. Mtu wa miaka 31 atasikia mengi kuliko yale ambayo sisi tunaona.

Vitu vidogo: kofia, maji, viatu visivyo na kisigino. Februari kule ni jua kavu, si kama kwetu ambako mvua bado inapiga. Msimtembeze muzee mashimo yote kumi na nane, uwanja una vilima. Chagueni mashimo mawili ya karibu na jengo la klabu, mkae, wachezaji watapita wenyewe. Simu iwe bubu. Mtu akianza kuinua fimbo, simameni pale pale mlipo. Na mkisikia mtu anapaza sauti "fo!", msiangalie juu kutafuta mpira. Inameni, funikeni kichwa kwa mikono. Siku ya mazoezi mipira ni mingi.

Usisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano, yako na yake.

---

Msaidizi_KiambuRoad (Nairobi)

Karibuni sana Nairobi, dada, na mzee umpe pole ya macho.

Mimi huwa najitolea kila mwaka kushika kamba na kunyamazisha watu, kwa hiyo niongeze machache. Ndugu wa Kampemba amesema vizuri. Jumatano usije naye. Jumatano ni siku ya wadhamini na wageni wao, mchezaji mmoja wa kulipwa anacheza na watu ambao kazi yao ni nyingine kabisa, na raundi inakwenda saa nyingi. Ina raha yake lakini kedi hafanyi kazi ya maana siku hiyo, anatafuta mipira ya mabosi vichakani.

Hakikisha uwanja kabla ya kupanda teksi. Mashindano haya yamekuwa yakihama kati ya Muthaiga na Karen. Mwaka 2019, yalipoingia kwenye ziara kuu ya Ulaya, yalikuwa Karen, akashinda Guido Migliozzi. Mwaka 2021 Karen tena. Kuanzia 2022 mpaka mwaka huu wa 2025 ni Muthaiga. Dereva akikusikia unasema "klabu ya gofu" bila jina anaweza kukupeleka upande wa pili wa jiji, na foleni ya asubuhi unaijua wewe ukishaiona.

Mwambie mzee pia kwamba anakwenda kusimama mahali penye historia. Kenya Open ilianza 1967. Seve Ballesteros aliishinda 1978, akiwa kijana wa miaka 20, mwaka mmoja kabla ya kushinda The Open kule Uingereza. Ian Woosnam aliishinda 1986. Wazee wa hapa waliobeba mifuko miaka ile bado wapo wanaosimulia.

Lakini kilichonifanya niandike ni hiki. Si kila mchezaji anakuja na kedi wake. Nauli ni ghali, wengine wanafika peke yao na kuchukua kedi wa hapa kwa wiki nzima. Kwa hiyo Jumanne utasikia Kiswahili katikati ya uwanja. Makedi wetu wanaitana kutoka grini moja hadi nyingine, wanaulizana upepo, wanataniana. Na wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walianza wakiwa makedi, kwa hiyo hawamdharau mtu wa kazi hiyo. Mzee akisimama karibu na kamba kati ya shimo na shimo, pale wanapotembea bila haraka, awasalimie. Aseme tu amebeba miaka 31 Lubumbashi. Watasimama.

Asianze mazungumzo mtu akiwa juu ya mpira, basi. Hilo najua hahitaji kuambiwa.

---

Ndugu_wa_Ruashi

Mimi sikubaliani, nisameheni. Nilishaona mashindano ya namna hii Afrika Kusini, siku ya mazoezi na siku ya kwanza. Mazoezi yanakosa uchungu. Mtu anakosa mpira wa hatua mbili, anacheka, anatupa mwingine. Alhamisi akikosa ule ule unaona shingo yake inabadilika. Wachezaji zaidi ya mia wanatoka tangu asubuhi, na kila mmoja anajua Ijumaa jioni karibu nusu yao watafungasha mizigo bila senti. Mzee alibeba mifuko ya watu waliokuwa wanacheza kwa kushindana, si kwa kujipima. Mpeleke Alhamisi aone uzito huo. Siku moja tu maishani, mpe ile ya kweli.

---

Vipuri_Kampemba

@Ndugu_wa_Ruashi, unasema kweli kuhusu shingo, nimeiona Jumamosi ile. Ungekuwa wewe au mimi, ningesema Alhamisi. Lakini fikiri: macho yana ukungu, kati yake na mchezaji kuna watu, kimya kimetanda, na ile shingo iko mita hamsini. Ataambiwa na binti yake kilichotokea. Jumanne atasikia mwenyewe.

Pia Ijumaa anapasuliwa. Mimi nisingependa alale usiku wa Alhamisi amechoka na jua la siku nzima.

---

BintiWaKedi

Aksanti sana wote. Hilo la Ijumaa limenimaliza, sikulifikiria. Ndugu wa Ruashi, nakushukuru na wewe, maana umenieleza kwa nini papa alikuwa akirudi nyumbani siku nyingine hasemi neno mpaka amekula.

Tutakwenda Jumanne. Nitaleta habari.

---

BintiWaKedi
Machi 2025

Nimerudi kama nilivyoahidi.

Nilimwambia papa Jumatatu usiku, baada ya vipimo. Hakujibu kitu. Akaniomba nimpigie pasi suruali.

Saa mbili asubuhi tulikuwa kwenye sehemu ya kupigia mipira. Nilimtafutia mahali pa kukaa, akakataa, akasimama na mkono mmoja juu ya kamba, uso ameuelekeza chini. Nilidhani amechoka. Kumbe anasikiliza. Baada ya muda akaanza kuniambia polepole: huyu wa hapa karibu yuko kwenye chuma fupi. Huyu wa tatu amebadilisha. Huyo sasa amekamata juu ya mpira, ona atarudia. Na kweli yule kijana alirudia. Tulikaa pale saa nzima na nusu na mimi nilikuwa sijui niangalie wachezaji au nimwangalie yeye.

Kisha tukaenda kwenye shimo moja la karibu, tukakaa upande ambapo mipira inaangukia baada ya mpigo wa kwanza. Mpira ukitulia karibu na kamba, papa anatembea nje ya kamba kuelekea grini, anahesabu, anarudi. Nilimwambia papa utachoka, hakunisikia. Mara ya kwanza akaniambia, hatua 150, huyu atachukua fimbo namba saba. Mchezaji akatoa namba tisa, ile isiyofika mbali kama saba, lakini mpira ukapita bendera. Papa akanyamaza. Wa pili, papa akasema saba tena, yule naye akatoa tisa. Nikaona uso wake umeingia wasiwasi, ule wa mtu aliyepotea kwenye mtaa wake mwenyewe.

Hapo ndipo akapita kedi mmoja wa Kenya, mtu mzima, na mfuko mkubwa mabegani. Papa akamsalimia, akasema kama Msaidizi alivyotufundisha: mimi nilibeba miaka 31, Lubumbashi. Yule bwana akasimama, akashusha mfuko chini, akampa mkono. Mchezaji wake alikuwa mbele anatafuta majani marefu ya kujaribia, hakuwa na haraka. Papa hakuuliza habari za pesa wala za nchi. Akauliza, mbona tisa?

Akaelezwa mambo mawili. La kwanza, hawa wanapiga kwa nguvu ambayo wachezaji wa klabu hawana, kwa hiyo asahau mabwana aliowabebea. La pili ni ile hewa. Yule kedi alifungua daftari lake na kumwonyesha: namba zilizochapwa zimekatwa kwa kalamu, pembeni ameandika zake. Papa haoni maandishi madogo tena, nikamsomea mimi, moja moja, huku yeye anatikisa kichwa. Akasema, kila mtu ana namba saba yake, nilikuwa najua hilo, lakini sikujua kwamba kila mji una namba saba yake pia. Yule kedi akaita mwenzake kutoka grini aje asikie.

Tuliporudi kukaa akaanza upya. Alikosea mara mbili zaidi. Wa tano akasema tisa, ikawa tisa. Kisha mpira mmoja ukaanguka mbele zaidi, akatembea, akarudi anahema, akasema hatua 128, hapa ni fimbo ya mwisho mwisho, ile ya kuinua. Ikawa hiyo. Aliupiga mkono wangu kwa furaha mpaka bangili ikaniumiza.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Jumapili alikuwa amelala kitandani na bandeji, nikamsomea matokeo kwenye simu: ameshinda Jacques Kruyswijk wa Afrika Kusini. Akaniuliza kama alikuwa mmoja wa wale tuliowaona. Sijui, hatukuuliza majina. Yule kedi tu ndiye tunamkumbuka, na mchezaji wake, ambaye papa anamwita Majani Marefu.

Bandeji ilipotolewa aliomba daftari na kalamu. Ameanza kuandika mashimo yote ya uwanja wa hapa Lubumbashi, umbali wake kwa hatua, upepo wa kiangazi na wa masika, mahali maji yanakaa baada ya mvua. Kuna vijana wanaobeba sasa hivi, anataka kuwapa. Juzi ameniuliza mji wetu uko juu mita ngapi. Nimetafuta, nikamwambia ni kama 1200. Ameiandika ukurasa wa kwanza, juu kabisa, akapiga mstari chini yake.